Nyumba Yako ya Kwanza ya Kupangisha Nairobi: Gharama Gani Hupunguza Ushuru na Gani Hazipunguzi

Kila Januari, na tena Juni inapokaribia, maswali huwa yale yale. "Nimepaka rangi nyumba ya Umoja na kuweka vitasa vipya, hizo pesa naziondoa wapi kwenye ushuru?" "Fundi hakunipa risiti, meseji ya M-Pesa inatosha?" "Ajenti amechukua kodi yote ya mwezi wa kwanza, na bado KRA wanaihesabu kama yangu?" Nimewajibu watu mmoja mmoja kwa miaka kadhaa, kazini na nje ya kazi, na sasa nimeona niyaandike yote mahali pamoja.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Kwa Kiswahili "kodi" ni pesa ambayo mpangaji anakulipa wewe, na pia ni pesa ambayo wewe unailipa serikali. Humu ndani, kodi ni ile ya mpangaji. Ile ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, nitaiita ushuru.

Mwongozo huu ni wa mtu binafsi anayeishi Kenya, mwenye nyumba ya watu kuishi: fleti aliyonunua Donholm, nyumba aliyoihama Kasarani akaamua kuipangisha, au chumba cha bedsita Roysambu. Ukipangisha duka au ofisi, ukimiliki kupitia kampuni, au ukiishi ng'ambo, kanuni zako ni tofauti.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Pini ya KRA, na nywila inayofanya kazi ya iTax, tovuti ya KRA ya mambo ya ushuru. Ijaribu leo. Usisubiri tarehe 19 usiku.
- Hati ya kuonyesha nyumba ni yako: hati miliki, mkataba wa mauzo au barua ya ugawaji.
- Kama una mkopo wa nyumba, taarifa ya benki inayotenganisha riba na deni lenyewe.
- Makadirio ya kodi utakayopokea mwaka mzima, kutoka nyumba zote ulizo nazo zikijumlishwa.
- Makadirio ya mapato yako mengine: mshahara, biashara, shamba.
- Daftari moja au jedwali la Excel, na bahasha ngumu ya risiti.
- Picha za nyumba kabla fundi hajaigusa, kila chumba. Utaona sababu yake katika hatua ya nne.

Hatua ya 1: Jua uko kwenye njia ipi

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa la hapa huharibu yote yanayofuata. Kenya ina njia mbili za kutoza ushuru kodi ya nyumba za kuishi, na ni moja tu kati yake inayokuruhusu kuondoa gharama.

Njia ya kwanza ni ushuru wa kila mwezi, ule ambao kwenye iTax unaitwa MRI (Monthly Rental Income). Ulianza Januari 2016 kwa asilimia 10, na tangu 1 Januari 2024 ni asilimia 7.5. Unamhusu mtu ambaye kodi yake yote kwa mwaka inazidi shilingi 288,000 lakini haipiti milioni 15. Unatozwa kwenye kodi nzima, kabla ya kutoa chochote. Rangi haitoki, fundi hatoki, ajenti hatoki, riba ya benki haitoki. Ukishaulipa umemalizana na kodi hiyo, kwa maana haichanganywi tena na mshahara wako mwisho wa mwaka.

Njia ya pili ni ya mwaka. Unajumlisha kodi, unaondoa gharama zinazokubalika, na kinachobaki kinaunganishwa na mapato yako mengine na kutozwa kwa ngazi za kawaida za mtu binafsi. Walio kwenye njia hii ni watatu: anayepata kodi isiyozidi 288,000 kwa mwaka, anayepata zaidi ya milioni 15, na yule wa katikati ambaye amemwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki MRI. Sheria inampa haki hiyo waziwazi katika kifungu cha 6A cha Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, lakini ni watu wachache sana walioambiwa kwamba ipo.

Kwa hiyo ukiniuliza "naondoaje gharama ya rangi?", nitakurudishia swali: uko njia gani? Kama uko MRI, jibu ni kwamba huiondoi. Nimeona watu wakijaza ritani ya MRI, yaani fomu ya kutangaza mapato, kwa kodi iliyopunguzwa, mtu anapokea 35,000 na kuandika 28,000 kwa sababu alilipa fundi 7,000. Hilo ni kutangaza pungufu. Siku KRA ikilinganisha na akaunti yako ya benki, utalipa tofauti pamoja na adhabu na riba.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kuchagua

Watu husikia neno "kuondoa gharama" wakadhani njia ya mwaka ndiyo nafuu kwa kila mtu. Sivyo. Twende na mfano mmoja mpaka mwisho.

Tuseme una nyumba ya vyumba viwili Donholm, kodi 35,000 kwa mwezi, na mpangaji amekaa mwaka mzima. Kodi yako ni 420,000. Mwaka huo umetumia hivi: rangi na ufundi wake 48,000, bomba na sinki 9,500, vitasa 6,500, kufukiza mende na kunguni 4,000, ada ya ajenti 35,000, bima 8,000, rate za kaunti 6,000, na makabati mapya ya jikoni 85,000.

Makabati yaweke kando, nitaeleza baadaye. Zilizobaki zinafika 117,000. Ukiziondoa kwenye 420,000 unabaki na 303,000.

Kwa MRI, ushuru wako ni asilimia 7.5 ya 420,000, yaani 31,500 kwa mwaka, au 2,625 kila mwezi.

Kwa njia ya mwaka, inategemea wewe ni nani.

*Umeajiriwa.* Kama mshahara wako unaotozwa ushuru umeshapita 32,333 kwa mwezi na haujafika 500,000, shilingi yoyote inayoongezeka juu yake inatozwa asilimia 30. Zile 303,000 zitakugharimu 90,900. MRI ilikuwa 31,500. Kwa mtu huyu njia ya mwaka inakuwa nafuu pale tu gharama zinapozidi asilimia 75 ya kodi yote, na rangi na vitasa haviwezi kufika huko.

*Huna mapato mengine yanayotozwa ushuru.* Fikiria mama aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe, na kodi hiyo ndiyo chakula chake. Shilingi 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, yaani 28,800. Zile 15,000 zilizobaki zinatozwa asilimia 25, yaani 3,750. Jumla 32,550. Ondoa nafuu ya kibinafsi, punguzo la ushuru analopewa kila mkaazi, ambayo ni 28,800 kwa mwaka. Atalipa 3,750, badala ya 31,500. Tofauti ni 27,750, karibu kodi ya mwezi mzima, na inampotea kila mwaka kwa sababu mtu alimsajili MRI bila kumuuliza maisha yake yakoje. Jambo hili linanichoma, na ndilo lililonifanya niandike. Kama una shangazi au mzazi katika hali hiyo, kaa naye mpige hesabu pamoja.

*Umenunua kwa mkopo.* Mkopo wa milioni 4 kwa riba ya asilimia 14 unaweza kula zaidi ya 500,000 za riba katika mwaka wa kwanza. Riba ya mkopo ulionunulia nyumba ya kupangisha inaondolewa kwenye kodi ya nyumba. Hapo mapato halisi yanafika sifuri na ushuru wa mwaka kwenye kodi hiyo ni sifuri, hata kama umeajiriwa. Kwa MRI ungelipa 31,500 zilezile huku benki ikikukamua. Lakini hasara ya nyumba haiwezi kuvuka na kupunguza ushuru wa mshahara wako. Mapato ya nyumba hubaki kwenye fungu lake.

Tahadhari: kuna watu hutaja kikomo cha 360,000 kwa mwaka cha riba ya mkopo wa nyumba. Kikomo hicho ni cha nyumba unayoishi mwenyewe. Usikilete hapa, na usidai riba moja mara mbili.

Hatua ya 3: Jisajili upande sahihi

Ukichagua MRI, ingia iTax, ongeza wajibu wa ushuru wa kodi ya nyumba kwenye pini yako, na uweke mwezi ambao mpangaji wa kwanza anaanza kulipa. Kisha ritani kila mwezi, kabla au tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi ya Machi, mwisho ni 20 Aprili. Ukishawasilisha unatengeneza namba ya malipo, unalipa kwa Paybill 222222, na namba hiyo ndiyo namba ya akaunti.

Ukichagua njia ya mwaka na kodi yako inazidi 288,000, andika barua kwa Kamishna kabla hujaanza kupokea kodi. Haihitaji ufundi wowote: jina lako, pini, mahali nyumba ilipo, na sentensi moja kwamba chini ya kifungu cha 6A umechagua kutotozwa ushuru wa kila mwezi, kuanzia mwaka fulani wa mapato. Ipeleke kwenye ofisi ya KRA inayosimamia pini yako, na uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ihifadhi kama cheti cha kuzaliwa. Kama wajibu wa MRI tayari uko kwenye pini, omba uondolewe kwa barua hiyo hiyo, la sivyo mfumo utaendelea kudai ritani za kila mwezi na kukuandikia adhabu.

Hatua ya 4: Gawanya kazi za fundi kabla hazijaanza

Kuanzia hapa ninazungumza na walio kwenye njia ya mwaka, ingawa wa MRI wasome kipande cha fungu la pili, kinawahusu nao.

Fundi atakuletea orodha moja: rangi, bomba, makabati, vigae, geti. Wewe iandike upya kwa mafungu matatu, na umwombe atoe bei ya kila fungu peke yake. Ankara moja iliyoandikwa "ukarabati wa nyumba 260,000" ni kesi unayojitafutia.

*Fungu la kwanza: matengenezo.* Kazi inayorudisha kitu kwenye hali yake ya awali. Kupaka rangi upya, kuziba ufa, kubadilisha kitasa kilichovunjika, bomba linalovuja, soketi iliyoungua, kioo kilichopasuka, kufukiza wadudu. Hizi zinaondolewa mwaka uleule.

*Fungu la pili: mtaji.* Kazi inayoleta kitu ambacho hakikuwepo, au inayoifanya nyumba kuwa bora kuliko ilivyokuwa. Makabati ya kisasa mahali palipokuwa na rafu za mbao, vigae juu ya sakafu ya simenti, chumba cha ziada, tangi jipya la maji, geti, paa jipya lote. Ushuru wa stempu uliolipa wakati wa kununua, ambao kwa mjini ni asilimia 4, na ada ya wakili wa ununuzi vinaingia hapa pia. Hizi haziondolewi kwenye kodi. Watu wengi wakisikia hivyo hutupa risiti, na hapo ndipo wanapopoteza pesa. Siku utakapouza nyumba utatozwa asilimia 15 ya faida, na faida hupigwa kwa kuondoa bei uliyonunulia pamoja na gharama za kuiboresha nyumba. Yale makabati ya 85,000, ukiwa na risiti, yatakuokolea 12,750 siku hiyo. Haijalishi uko MRI au njia ya mwaka. Tunza risiti hizi mpaka nyumba iuzwe.

*Fungu la tatu: vitu vinavyochakaa.* Kama unapangisha nyumba ikiwa na samani, yaani kitanda, makochi, friji, pazia, huondoi bei yote kwa mara moja. Jedwali la Pili la sheria linatoa asilimia 10 kwa mwaka kwa samani na viungo vyake. Viorodheshe kimoja kimoja na tarehe ya kununua.

Ukiwa na shaka kuhusu kitu, jiulize: nyumba ilikuwa nacho kikaharibika, au sasa ndiyo inakipata? Swali hilo litakutatulia karibu kila kitu.

Lakini kuna mtego kwa nyumba ya kwanza, na nauandika kwa urefu kwa sababu ndio unaowanasa wengi. Ukinunua nyumba iliyochakaa kwa bei ya chini kwa sababu imechakaa, kisha ukatumia 300,000 kuifanya iweze kukaliwa, kazi hiyo huonekana kama sehemu ya bei ya kununua hata kama ni rangi na bomba tu. Hoja ya afisa ni kwamba hukurudisha nyumba *yako* kwenye hali yake, kwa sababu kwako haikuwahi kuwa nzima. Picha za kabla ya kazi zinasaidia hapa: kama nyumba ilikuwa inakalika, zitaonyesha.

Kifungu cha 15 kinaruhusu mabadiliko ya jengo pale yanapohitajika ili kodi iliyopo isishuke, si upanuzi wala kujenga jengo jingine mahali pake. Soma maneno hayo, *kodi iliyopo*. Nyumba ambayo haijawahi kupangishwa haina kodi iliyopo, kwa hiyo usiegemeze madai ya mwaka wa kwanza kwenye kanuni hiyo.

Vipi kuhusu pesa iliyotoka kabla mpangaji hajaingia? Kifungu hicho hicho kinasema gharama iliyotangulia kuanza kwa biashara hukubaliwa ikiwa ingekubaliwa baada ya kuanza, na huhesabiwa kana kwamba ilitoka siku ya kuanza. Neno lililotumika ni "biashara", na afisa anaweza kukuuliza kama nyumba moja ni biashara. Jiandae hivi: uwe na barua ya kumpa ajenti kazi ya kutafuta mpangaji, au tangazo lenye tarehe, vilivyotangulia kazi ya fundi. Na kazi isiyomzuia mtu kuhamia, kama rangi ya ukuta wa nje, iache ifanywe baada ya mkataba kusainiwa.

Uliyekuwa ukiishi humo mwenyewe, hama kwanza. Rangi uliyopaka ukiwa bado unalala ndani ni matumizi yako binafsi, na kifungu cha 16 hakiyakubali.

Hatua ya 5: Pata ankara ya eTIMS kwa kila kitu

Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi, hata kama kila mtu anaona ukuta umepakwa rangi. Vichache vimesamehewa, vikiwemo mishahara ya wafanyakazi na riba ya benki. Rangi, simenti, vitasa, ada ya ajenti na malipo ya fundi havimo.

Kwenye hadwea, taja pini yako *kabla* hawajapiga risiti. Angalia kwamba pini imeandikwa sawasawa na kwamba kuna msimbo wa QR wa kuskani. Duka ambalo bei yake ni nafuu kidogo lakini halitoi eTIMS linaweza kukugharimu zaidi mwishoni.

Fundi ni mtihani mkubwa zaidi. Wengi ni watu wema na wanajua kazi, ila hawajawahi kusikia eTIMS. Mwambie mapema, kabla ya kukubaliana bei, wala si siku ya kumlipa. Kama ana pini, anaweza kujisajili na kutoa ankara kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Tangu mwisho wa 2024 sheria pia inamruhusu mnunuzi kutengeneza ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, naye akaidhinisha. Kaa naye dakika kumi, mfanye pamoja. Mkifanya hivyo mara moja, kazi ya pili itakuwa rahisi kwenu wote wawili.

Meseji ya M-Pesa inaonyesha kwamba pesa ilitoka. Haionyeshi ilinunua nini. Itunze, lakini pamoja na ankara.

Hatua ya 6: Andika siku ileile

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Safu tano zinatosha: tarehe, aliyelipwa, kazi gani na chumba gani, kiasi, fungu la kwanza, la pili au la tatu. Upande wa pili kodi iliyoingia.

Risiti nyingi za dukani ni za karatasi inayofifia. Mwaka wangu wa kwanza nilizihifadhi vizuri ndani ya sanduku, na nilipolifungua mwezi wa Juni nusu yake zilikuwa karatasi nyeupe. Piga picha siku hiyohiyo na uihifadhi mahali pawili. Sheria inataka kumbukumbu zikae miaka 5.

Amana ya mpangaji iandike kando. Pesa unayopaswa kumrudishia si kodi. Siku ukiikata kufidia malimbikizo yake, kiasi ulichokata kinakuwa mapato.

Na andika kodi kamili. Mpangaji akilipa 35,000 kwa ajenti, ajenti akakata 3,500 na kukutumia 31,500, kodi ni 35,000. Zile 3,500 ni gharama, na kwa aliye MRI haziondolewi. Hilo ndilo jibu la lile swali la ajenti aliyechukua mwezi wa kwanza.

Hatua ya 7: Jaza ritani ya mwaka

Mwaka unaanza Januari na kuisha Desemba, na ritani ni kabla au tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Pakua fomu ya mtu binafsi kutoka iTax. Ukifika kwenye swali la kama una mapato mengine zaidi ya ajira, jibu ndiyo. Walioajiriwa hubofya hapana kwa mazoea, na kurasa za kodi ya nyumba hazifunguki. Kwenye hesabu ya faida na hasara tafuta safu ya kodi ya nyumba, jaza kodi yote juu, kisha gharama kwa majina yake: riba, bima, rate, matengenezo, ada ya ajenti. Usizirundike zote chini ya "nyinginezo".

Ritani ni Juni, lakini ushuru wenyewe unatakiwa kufikia 30 Aprili. Na kama ushuru wako wa mwaka unazidi 40,000 baada ya kutoa uliokatwa kazini, unatakiwa kuulipa kwa awamu, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba.

Mambo yakikwama

*Nyumba imekaa miezi miwili bila mpangaji.* Aliye MRI anawasilisha ritani ya sifuri kila mwezi. Kunyamaza kunaleta adhabu ya kuchelewa, ambayo kwa mtu binafsi ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kiasi kilicho kikubwa. Kuchelewa kulipa kuna asilimia 5 yake na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

*Risiti zimeandikwa jina la mume, hati ni ya mke.* Gharama inadaiwa na yule anayetangaza kodi, na anayetangaza kodi ni mwenye nyumba. Mkimiliki pamoja, kila mmoja atangaze sehemu yake ya kodi na ya gharama. Kuanzia sasa toeni pini iliyo sahihi dukani.

*Nilinunua rangi ya nyumba mbili, yangu ninayoishi na ya kupangisha, risiti moja.* Gawanya kwa makopo yaliyotumika kila upande, andika hesabu hiyo nyuma ya nakala, dai sehemu ya nyumba ya kupangisha tu. Safari nyingine nunua mara mbili.

*Fundi amehama na hapokei simu, sina ankara.* Usidai. Inauma, najua. Lakini kama kazi ilikuwa ya mtaji, tunza mkataba, picha na meseji za malipo kwenye faili la nyumba kwa ajili ya siku ya kuuza.

*Nimekuwa MRI miaka miwili na sasa naona njia ya mwaka ingenifaa.* Andika barua sasa, kwa ajili ya mwaka ujao wa mapato. Endelea kuwasilisha za kila mwezi mpaka wajibu uondolewe.

*iTax inaonyesha adhabu za miezi ambayo sikuwa na nyumba.* Mara nyingi tarehe ya kuanza wajibu iliwekwa vibaya wakati wa kujisajili. Nenda Huduma Centre ya GPO au ofisi yako ya KRA na mkataba wa kwanza wa upangaji mkononi, uombe tarehe isahihishwe. Nenda asubuhi, na ubebe nakala mbili.